Mashini kumi kutoka Guangzhou, na swali la Papa kuhusu bendera

Mzigo wangu ulichukua siku 76. Waliniahidi siku 60 hadi 70. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo kila mtu hapa Lushi, yaani Lubumbashi, ananiuliza kwanza, hata kabla ya bei.

Mimi nina atelie ya kushona mtaa wa Kamalondo. Tunashona sare za shule, makoti ya wafanyakazi wa migodini, na vikwembe vya harusi msimu ukifika. Mashini zangu za zamani zilikuwa zimechoka, na za dukani mjini zinauzwa kwa bei inayomla mtu mtaji wote. Kwa hiyo niliagiza mwenyewe: mashini saba za mshono wa kawaida na ovaloki tatu, pamoja na meza na mota zake. Muuzaji alizipeleka kwenye depo ya wakala Guangzhou, wakala akazipakia ndani ya kontena moja na mizigo ya watu wengine. Meli mpaka Dar es Salaam, kamyo mpaka mpakani Kasumbalesa, halafu Lubumbashi. Huduma hiyo ndiyo ninayoipima hapa. Jina la wakala naliacha, kwa sababu kuna mambo mawili nitakayowalaumu na sitaki yageuke kuwa vita. Anayenijua atapita atelie tuzungumze.

Bei kwanza. Walinitoza dola 480 kwa mita moja ya ujazo. Mzigo wangu ulipimwa mita 3.2, jumla dola 1,536. Nusu nililipa mzigo ulipopokelewa kule, nusu nilipoutoa hapa. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na fret, yaani nauli ya meli, gharama za bandari ya Dar, kamyo, na kazi ya deklaran wa forodha mpakani. Niliuliza mawakala wanne kabla ya kuamua. Mmoja alikuwa na bei ya chini kuliko hii, lakini hakutaka kuniandikia kilichomo ndani yake. Hawa waliandika kila kitu kwenye karatasi moja, mstari kwa mstari, na kijana wa biro akakaa nami karibu saa nzima akinieleza kila mstari. Kwa hilo peke yake nawapa heshima. Mtu akikataa kukuandikia gharama, ujue zitakuja kukusubiri Kasumbalesa.

Mawasiliano yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea. Machi 9 walinitumia picha ya makatoni yangu yakiwa yamepimwa, jina langu limeandikwa kwa kalamu nene. Machi 21 ujumbe: kontena imepakiwa. Aprili 26 imeshuka Dar. Mei 9 imetoka bandarini. Mei 20 Kasumbalesa. Mei 24 depo, Kampemba. Ukihesabu utaona kwamba bahari yote ilikula siku 36 tu. Siku nyingine 28 ziliishia kati ya gati la Dar na mlango wa depo. Anayedhani baharini ndiko mzigo unakochelewa, ahesabu hizo.

Sasa nimlete Papa, baba yangu, maana bila yeye nisingekuwa na la ziada la kuandika.

Papa alikuwa baharia. Watu wa Katanga wengi hawaamini, wanadhani baharia lazima awe mtu wa Boma au Matadi. Yeye alizaliwa Likasi, akasoma ufundi, akashuka magharibi akiwa kijana, na mwisho wa miaka ya 1970 akapata kazi ya kupaka mafuta mashini kwenye meli za Compagnie Maritime Zaïroise, CMZ. Matadi hadi Antwerp, Antwerp hadi Matadi. Bado ana kijitabu chake cha ubaharia, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilipomwambia mzigo wangu umepakiwa, hakuuliza bei. Aliniuliza: «Mama, meli gani? Bendera gani?»

Sikujua. Kwenye mizigo ya kuchanganya namna hii mteja hapewi hati ya meli. Anapewa karatasi ya wakala tu. Nikarudi biro kuuliza. Yule kijana alishangaa, akaniambia, «Mama, hilo hakuna mtu anayeuliza.» Lakini alifungua kompyuta akanionyesha hati yenyewe. Meli ilikuwa na bendera ya Liberia. Mwenye kampuni ya usafirishaji alikuwa Ulaya. Kontena lilikodiwa. Mimi wa Kamalondo, mashini za Uchina, bandari ya Tanzania, barabara ya Zambia, bendera ya Liberia. Nilimpelekea Papa habari hizo jioni. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba aione faktire yangu, ile karatasi ya gharama.

Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja: FERI. Ndiyo karatasi ya mzigo unaoingia nchini ambayo kila mfanyabiashara wa hapa anaijua. Wakala aliilipia kontena zima, akatugawia gharama. Inatolewa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya kusimamia mizigo. Papa akasema, «Kumbe hawa bado wapo. Hawa walizaliwa kwa ajili yetu.»

Akanieleza, nami baadaye nikasoma mwenyewe, na tangu hapo nimeiangalia ile karatasi kwa jicho lingine.

Hadithi inaanza na Wabelgiji. Mwaka 1895 ilianzishwa Antwerp kampuni iliyopewa kazi hiyo, na mwaka 1930 ikawa Compagnie Maritime Belge, CMB. Meli zake zilibeba majina ya miji yetu: Albertville, ambayo ni Kalemie, Jadotville, ambayo ni Likasi ya Papa, na Elisabethville, yaani hapa hapa tulipo. Zilikuwapo Elisabethville tatu. Ya kwanza ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani Septemba 1917. Ya pili ilijengwa 1921. Ya tatu iliungua bandarini Antwerp mwaka 1968, wakati mji wenyewe ulikuwa umeshaitwa Lubumbashi miaka miwili. Jadotville ilikuwa mpya kabisa, ya 1956, lakini uhuru ulipokuja haikukaa: mwaka 1961 iliuzwa kwa Waingereza wa kampuni ya P&O, ikaitwa Chitral. Na Léopoldville ilipigwa torpedo usiku wa kuamkia Krismasi 1944 karibu na Cherbourg, ikiwa imejaa askari wa Marekani. Mamia walikufa. Miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo Wakongo. Papa hutaja jambo hilo kila Desemba 24, nasi watoto tulikua tukilisikia kama sehemu ya sala ya usiku huo.

Kwa hiyo majina yalikuwa yetu, meli hazikuwa zetu. Kampuni ya taifa ilikuja baada ya uhuru, miaka ya 1960, Compagnie Maritime Congolaise. Nchi ilipogeuka Zaïre mwaka 1971 nayo ikawa CMZ. Bendera ya kijani, duara la manjano, mkono umeshika mwenge. Papa anasema mara ya kwanza alipoiona bendera hiyo ikipanda nyuma ya meli, kwenye ukungu wa mto Scheldt, wazee waliokuwa wamefanya kazi chini ya Wabelgiji walivua kofia.

Lakini bendera haijazi tumbo la meli. Meli inaishi kwa shehena, na shehena ya Zaïre ilikuwa shaba yetu ya Katanga. Hapo ndipo mambo ya Lubumbashi yanapoingia. Njia fupi ya shaba kwenda Atlantiki ilikuwa reli ya Benguela, kupitia Angola mpaka Lobito. Vita vya Angola viliifunga mwaka 1975. Ikabaki ile iliyoitwa njia ya taifa: reli kutoka hapa mpaka Ilebo, halafu matishari kwenye mto Kasai na mto Kongo mpaka Kinshasa, halafu reli tena, kilomita 366, mpaka Matadi. Mzigo unapakiwa, unapakuliwa, unapakiwa tena, na kila mahali siku zinaliwa. Shaba nyingine ilikwenda kusini, kwenye bandari ambazo meli za CMZ hazikuwa na kazi nazo.

Serikali ilijaribu kuisaidia kampuni yake, na si kwa maneno tu. Mwaka 1974, Geneva, nchi maskini zilipata mkataba wa Umoja wa Mataifa wenye kanuni ambayo mabaharia wa umri wa Papa waliikariri kama jedwali la hesabu: 40, 40, 20. Asilimia 40 ya shehena inayobebwa na umoja wa makampuni ya meli kati ya nchi mbili ibebwe na meli za nchi ya kwanza, 40 na meli za nchi ya pili, 20 na wengine. Mkataba ulianza kufanya kazi Oktoba 1983. Ili kanuni hiyo itekelezwe lazima pawepo mtu anayehesabu mizigo, anayejua nini kinaingia na nini kinatoka, na anayeigawa. Ndiyo maana mwaka 1980 OGEFREM ilianzishwa. Ndiyo maana Papa anasema walizaliwa kwa ajili yao.

Kilichofuata kinaniuma kila ninapokifikiria. OGEFREM ilitoa haki ya kubeba mizigo kati ya Zaïre na Ulaya ya kaskazini kwa umoja wa makampuni ulioitwa Cewal. CMZ ilikuwamo ndani ya umoja huo, ndiyo, lakini mkubwa wa nyumba alikuwa CMB, yule yule wa tangu 1895. Wengine waliotaka kuingia walisukumwa nje. Umoja ulipanga meli zake ziondoke tarehe zile zile za mpinzani na kwa bei ya chini, ili kumkatisha tamaa. Malalamiko yalifika Brussels, na Desemba 1992 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Cewal walitumia vibaya nguvu zao. Walipigwa faini. Kesi iliendelea mahakamani mpaka mwaka 2000; faini zikafutwa, lakini lile kosa la kutumia vibaya nguvu likathibitishwa. Soma hilo polepole: ulinzi ambao serikali yetu iliuweka ili meli zetu zipate chakula, waliokuja kuushiba ni wenye meli nyingi, na sisi tulikuwa na chache.

CMZ ikazeeka pamoja na serikali iliyoizaa. Papa alirudi Lubumbashi kabla mambo hayajaisha kabisa, na mishahara ya miezi mingi akaiacha nyuma. Kampuni ilibadilishwa jina tena na tena. Leo inaitwa Lignes Maritimes Congolaises. Katika miaka yote ya kuagiza mizigo, yangu na ya wenzangu wa soko, sijawahi kuona jina hilo kwenye hati ya meli hata mara moja. Karatasi ya ofisi iliyoanzishwa ili kuhesabia mizigo ya meli zetu tunailipia mpaka leo. Meli zenyewe hazipo kwenye safari zetu.

Nilipomsimulia hayo kijana wa biro, alinijibu vizuri, kwa adabu: «Mama, meli ni biashara ya matajiri, serikali isiingie humo.» Nilimwambia aangalie Marekani. Sheria ya mwaka 1920 ilisema mzigo unaotoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine ubebwe na meli iliyojengwa kwao, ya mwananchi wao, yenye mabaharia wao. Sheria ya 1936 ikaongeza: kama kujenga meli kwao ni ghali kuliko ng'ambo, serikali inalipa tofauti, kama kuiendesha na mabaharia wao ni ghali, inalipa tofauti pia. Malipo ya kujengea yalikatwa miaka ya 1980, lakini mpaka sasa meli 60 zinapewa fedha kila mwaka ili zibaki chini ya bendera yao na ziwe tayari siku ya vita. Hao ndio matajiri wenyewe.

Akaniambia Marekani ni mbali. Basi Ethiopia. Haina hata mita moja ya bahari tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993. Kampuni yake ya meli iliundwa 1964, na haikuiua. Miaka ya 2010 ilinunua meli tisa mpya zilizojengwa Uchina, na mizigo yake inashukia Djibouti. Serikali ndiyo mwenye kampuni na ndiyo inayoielekezea shehena. Sisi tuna Banana, Boma na Matadi. Pwani yetu ni nyembamba, lakini ipo.

Sisemi kwamba kuwa na meli ya serikali kunatosha. Nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ziliungana mwaka 1966 zikaunda kampuni moja ya meli, na mwaka 1980 ilikuwa imekufa. Na najua mtu akiniuliza kama ningekubali kulipa dola 600 kwa mita ili mzigo wangu ubebwe na bendera yetu, ningesita, maana nina wafanyakazi wanane wanaonisubiri mwisho wa mwezi. Lakini ningelipa 500. Hilo nimeshalipigia hesabu, mashini kwa mashini.

Turudi Kampemba, kwenye depo.

Walinipigia simu Mei 24 kwamba kontena limefika. Walikuwa wameniambia siku tano za kwanza kuhifadhi ni bure, baada ya hapo dola 10 kwa siku. Kontena halikufunguliwa mpaka siku tatu baadaye, kwa sababu walisubiri mizigo ya wateja wengine ikaguliwe. Nilipokwenda kuchukua wangu tarehe 1 Juni, walihesabu kuanzia siku kamyo ilipoingia, wakanidai dola 30. Siku ambazo mimi sikuweza hata kuyaona makatoni yangu! Hili ndilo kosa la kwanza. Nilibishana nao, si kwa kelele, nikawaonyesha ujumbe wao wenyewe kwenye simu. Mkubwa wa depo akanirudishia dola 20. Kumi hazikurudi.

Kosa la pili ni katoni moja lililolowa. Kontena lilikuwa na tundu dogo juu, au mtu alifungua mlango mvua ikinyesha njiani, sijui. Mota moja ilikuwa na kutu na ubao wa meza moja umevimba. Nilitaka fedha. Walinipa punguzo la dola 40 kwenye mzigo ujao. Kwa maneno mengine, ili nilipwe hasara yangu lazima nirudi kwao. Fundi wangu aliisafisha mota, inafanya kazi, ila inapiga kelele kuliko wenzake. Tatizo la msingi ni kwamba sikuwa na bima, na hakuna aliyenikumbusha. Mwulize wakala wako kuhusu bima kabla ya kulipa senti ya kwanza, na uliza tarehe ipi inaanza kuhesabiwa depo: ya kamyo au ya kufungua kontena. Mwambie aiandike.

Mashini nyingine tisa zilifika salama kabisa. Sindano, visu vya ovaloki, mikanda, kila kitu kilikuwa ndani ya mifuko yake. Siku ya tatu tulikuwa tunashona makoti ya mgodini juu yake, kitambaa kizito, na hazikulalamika. Mashini saba za mshono peke yake zinatoa kwa siku kazi ambayo zamani tuliifanya kwa siku mbili, umeme ukiwepo.

Kwa jumla, kama ningewapa alama, ni 7 kwa 10. Wanaandika gharama, wanatuma habari, vijana wao wana heshima, na mpakani hawakuniongezea hata franka moja juu ya tulichokubaliana. Alama tatu nimezikata kwa depo, kwa katoni lililolowa, na kwa zile siku sita.

Nimeshaagiza tena: vitambaa vya sare, mita 2 za ujazo, ili niwahi Septemba. Safari hii sikulazimika kuuliza. Siku mzigo ulipopakiwa, kijana wa biro alinitumia picha ya makatoni kama kawaida, na chini yake akaandika jina la meli, halafu: «Mama, mwambie Papa bendera ni ya Visiwa vya Marshall.» Nilimsomea Papa. Aliomba kalamu, akaandika jina la meli na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu chake cha ubaharia, chini ya ile ya Liberia, kisha akamtuma mjukuu wake alete atlasi ya shule.